Daftari la Vibarua Lasomwa Hadharani

Leo tunakwenda India, katika jimbo la Rajasthan. Nchi ile ni kavu. Mvua ikikosa, watu wa vijijini hutegemea kazi za serikali: kuchimba mabwawa, kutengeneza barabara, kuvunja mawe.

Kwanza tujue daftari la vibarua ni kitu gani. Ni karatasi iliyopigwa mistari. Katika kila mstari huandikwa jina la mtu, siku alizofanya kazi na ujira wake, na pembeni pana mahali pa kutia sahihi au dole gumba. Karatasi hiyo hushikwa na msimamizi wa kazi, kisha huenda ofisini na kufungiwa kabatini. Asiyejua kusoma hutia dole pale anapoonyeshwa. Atajuaje kwamba kando ya dole lake pameandikwa rupia ngapi? Nadhani wengi wenu hamhitaji kuambiwa jibu. Labda ndilo lililowaleta darasani.

Tarehe 1 Mei 1990 vibarua na wakulima wa sehemu hizo walianzisha chama chao, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan, yaani Umoja wa Nguvu ya Vibarua na Wakulima. Miongoni mwa walioanzisha walikuwamo Bibi Aruna Roy, aliyepata kuwa ofisa wa serikali akaacha kazi hiyo katika miaka ya 1970, na Bwana Nikhil Dey na Bwana Shankar Singh. Makao yao yalikuwa kijiji cha Devdungri. Mwanzo hawakudai habari hata kidogo, walidai ujira uliowekwa na sheria. Lakini kila walipodai waliambiwa, daftari laonyesha kwamba hamkutimiza kazi. Wakasema, basi tuonyesheni hilo daftari. Wakajibiwa kwamba ni siri ya serikali. Na kweli ilikuwapo sheria ya siri za serikali ya mwaka 1923, waliyoiacha Waingereza. Ajabu ni kwamba sheria iliyotungwa kwa ajili ya wapelelezi sasa ilikuwa ngao ya karani wa kijiji.

Hata hivyo karatasi chache zilipatikana. Tarehe 2 Desemba 1994, katika kijiji cha Kot Kirana, watu waliitwa mkutanoni. Hapakuwa na hotuba ndefu. Mtu alisimama akasoma karatasi zile kwa sauti, jina kwa jina, na kazi kwa kazi. Aliyeitwa alisimama akasema kama alifanya kazi au hakufanya, na kama alipata fedha zile au hakuzipata. Lilitajwa jengo la karani wa ardhi, ambalo kwa maandishi lilikuwa limekwisha. Watu walilijua jengo hilo, nao walijua kwamba halijakwisha. Katika mikutano iliyofuata mahali pengine yalisomwa hata majina ya watu waliokwisha kufa, ambao kwa mujibu wa daftari walikuwa wamevunja mawe na kupokea ujira.

Nataka tusimame kidogo hapa. Katika mkutano ule wengi hawakujua kusoma, lakini alitosha msomaji mmoja, kwa kuwa kila mtu aliyejua ukweli wa mstari wake alikuwapo pale. Mkaguzi aliyetumwa kutoka mjini hujumlisha fedha akaona zinalingana. Hawezi kujua kwamba huyu aliyetia dole alikwisha zikwa.

Makarani wa vijiji walikataa. Walisema hesabu zao hukaguliwa na serikali, si na kila mpita njia. Mwezi Aprili 1996 watu wakakaa katika mji wa Beawar muda wa siku 40, na wenye maduka wa sokoni wakawapa chakula. Neno lao lilikuwa fupi: fedha zetu, hesabu zetu. Mwaka 1997 wakakaa tena Jaipur, mji mkuu wa jimbo, siku 53. Hapo ndipo naibu wa waziri mkuu wa jimbo alipotangaza jambo la kushangaza. Alisema kwamba ruhusa ya kupewa nakala za hesabu za halmashauri za vijiji ilikwisha tolewa na kuchapishwa miezi sita iliyopita! Amri ya kufungua kabati ilikuwa imefungiwa kabatini.

Mwaka 2000 jimbo lilitunga sheria yake, na tarehe 12 Oktoba 2005 sheria ya kupata habari ikaanza kutumika karibu India nzima. Kila ofisi, hata ya kijiji, ilitakiwa iwe na ofisa wa kupokea maombi. Ombi lilikuwa la rupia 10, na maskini hakutozwa. Jibu litolewe katika siku 30. Ofisa aliyekawia bila sababu aliweza kutozwa faini ya rupia 250 kwa siku, isizidi 25,000, naye ndiye mlipaji, si serikali. Sheria iliagiza pia kwamba maofisa hao wafundishwe kazi yao.

Kuwafundisha si jambo dogo. Kwa miaka mingi karani alisifiwa kwa kutunza siri, na sasa ataadhibiwa kwa kuitunza. Vifungu vya sheria aweza kuvisoma kwa siku moja. Kugumu ni kusimama mbele ya mkutano wa kijiji, kikombe chake cha chai kikiwa mbali, akaulizwa na mwanamke aliyevunja mawe: Bwana, siku zangu sita ziko wapi? Wapo waliojifunza, na katika vijiji vingine matumizi ya halmashauri yamepakwa rangi ukutani ili kila apitaye ayaone. Wapo pia waliokataa, na wako raia waliouawa kwa sababu ya kuomba habari.

Kipo kifungu kimoja kinachowahusu wanafunzi kama ninyi. Mtu asiyeweza kuandika akifika ofisini akasema ombi lake kwa mdomo, ofisa amewajibika kumsaidia kuliandika. Yaani karani yule yule aliyeshika daftari sasa ashike kalamu na kuandika swali linalomhusu mwenyewe.

Sasa mwalimu wenu ataandika ubaoni maneno manne: jina, siku, ujira, sahihi. Pigeni mistari katika madaftari yenu, kisha kila mmoja aandike mstari wake, na jirani yake ausome kwa sauti.