Usanifu na mpangilio wa mji wa Tikal

Tikal ni magofu ya mji mkubwa wa Wamaya wa kale yaliyo katika msitu wa mvua wa mkoa wa Petén, kaskazini mwa Guatemala. Watu walianza kuishi mahali hapo mnamo mwaka 1000 KK hivi. Mji ulistawi hasa kati ya miaka 200 na 900 BK, kipindi ambacho wanaakiolojia hukiita kipindi cha Klasiki. Katika maandishi ya Wamaya wenyewe mji huu unatajwa kwa jina la Mutul au Yax Mutul. Jina Tikal ni la baadaye. Hudhaniwa kuwa limetokana na maneno ya Kimaya cha Yucatán yenye maana ya "kwenye lambo".

Jina hilo linaeleza jambo muhimu kuhusu mji wenyewe. Tikal haukuwa na mto wala ziwa. Wakazi wake walitegemea maji ya mvua waliyoyahifadhi katika malambo. Kwa hiyo viwanja, barabara na mahekalu yake havikuwa mahali pa ibada na makao ya wafalme tu, bali vilikuwa pia sehemu ya mfumo wa kukusanya maji. Mfumo huo uliwezesha mji kudumu kwa karne nyingi, na kuharibika kwa maji hayo ni miongoni mwa sababu zinazotajwa za kuhamwa kwake.

Mahali na ardhi

Kiini cha mji kilijengwa juu ya vilima vya mawe ya chokaa. Kati ya vilima hivyo kuna mabonde, na upande wa chini kuna vinamasi vinavyojaa maji wakati wa masika na kukauka wakati wa kiangazi. Mvua ni nyingi, karibu milimita 2,000 kwa mwaka, lakini sehemu kubwa hunyesha katika miezi ya katikati na ya mwisho ya mwaka. Baada ya hapo hufuata kiangazi cha miezi kadhaa. Mawe ya chokaa yana nyufa nyingi, hivyo maji ya mvua huzama ardhini upesi yasipozuiliwa.

Mawe hayohayo yaliwapa Wamaya vifaa vya ujenzi. Waliyachonga kuwa matofali ya mawe, na waliyachoma kwa kuni nyingi ili kupata chokaa ya plasta. Kazi hiyo yote ilifanyika bila zana za chuma, bila magari ya magurudumu na bila wanyama wa kubeba mizigo. Mafundi walitumia zana za mawe magumu kama gumegume, na mizigo ilibebwa na watu.

Uwanja Mkuu

Katikati ya mji kuna Uwanja Mkuu. Sakafu yake ilisakafiwa kwa plasta ya chokaa na kufanywa upya mara kadhaa. Wachimbaji wamekuta tabaka nne, moja juu ya nyingine. Uwanja huu umezungukwa na majengo pande zote nne.

Upande wa mashariki kuna Hekalu I, linaloitwa pia Hekalu la Jagwa Mkuu. Lina urefu wa mita 47 hivi na ngazi kubwa tisa zinazopungua upana kuelekea juu. Chini yake lilipatikana mwaka 1962 kaburi la mfalme Jasaw Chan K'awiil I, aliyetawazwa mwaka 682. Upande wa magharibi, likitazamana nalo, kuna Hekalu II lenye urefu wa mita 38 hivi, ambalo huhusishwa na mke wa mfalme huyo.

Upande wa kaskazini kuna Akropoli ya Kaskazini. Hapa palikuwa mahali pa kuzikia wafalme kwa karne nyingi. Wamaya hawakuwa na desturi ya kubomoa kabisa hekalu la zamani. Walilifunika kwa hekalu jipya lililo kubwa zaidi, hivyo ndani ya kila jengo linaloonekana leo kuna majengo mengine ya vizazi vilivyotangulia. Mbele ya akropoli hiyo yamesimamishwa mawe bapa yaliyochongwa, yanayoitwa stela. Juu yake kuna picha za wafalme, tarehe na habari za utawala wao.

Upande wa kusini kuna Akropoli ya Kati, ambayo ilikuwa jumba la kifalme. Ina vyumba vingi vilivyopangwa kuzunguka nyua sita. Jumba mojawapo huhusishwa na mfalme Chak Tok Ich'aak I wa karne ya 4. Wafalme waliofuata walilitunza na kuliongezea vyumba badala ya kulifunika, jambo ambalo si la kawaida katika mji huu.

Mahekalu marefu

Mahekalu makubwa ya Tikal yana umbo linalotambulika kwa urahisi: msingi mrefu wenye kuta za mwinuko mkali, ngazi moja upande wa mbele, na chumba cha ibada juu kabisa. Juu ya paa la chumba hicho husimama ukuta wa mapambo uliochongwa sanamu na kupakwa rangi. Ukuta huo uliongeza urefu wa hekalu ili lionekane kutoka mbali, juu ya miti ya msitu.

Vyumba vya ndani ni vyembamba sana. Sababu ni kwamba Wamaya hawakutumia tao la kweli. Walipanga mawe ya kuta mbili yakisogeleana kidogo kidogo hadi yakakaribiana juu, kisha wakaziba nafasi iliyobaki kwa jiwe bapa. Paa la namna hiyo haliwezi kufunika chumba kipana. Vizingiti vya juu vya milango vilitengenezwa kwa mbao ngumu za msapodila. Baadhi vilichongwa kwa ustadi mkubwa, na vile vya Hekalu IV vilipelekwa Basel, Uswisi, katika karne ya 19.

Hekalu IV, lililojengwa mnamo mwaka 741 wakati wa mfalme Yik'in Chan K'awiil, lina urefu wa mita 65 hivi. Ni mojawapo ya majengo marefu zaidi yaliyojengwa na wenyeji wa Amerika kabla ya kufika kwa Wazungu. Hekalu V lina mita 57 hivi, na Hekalu III, lililojengwa mnamo mwaka 810, lina mita 55 hivi.

Ulimwengu Uliopotea na piramidi pacha

Kusini-magharibi mwa Uwanja Mkuu kuna eneo linaloitwa kwa Kihispania Mundo Perdido, yaani "Ulimwengu Uliopotea". Ni kati ya sehemu za kale zaidi za mji. Piramidi yake kubwa ilijengwa upande wa magharibi wa safu ya majengo, kwa mpangilio unaohusishwa na kutazama mawio ya jua katika majira ya mwaka.

Baadhi ya majengo ya eneo hilo yana mtindo wa Teotihuacan, mji mkubwa wa Meksiko ya kati. Maandishi ya Tikal yanaeleza kwamba mwezi Januari 378 alifika mtu aitwaye Siyaj K'ak', na mfalme wa Tikal alikufa siku hiyohiyo. Tukio hilo huhusishwa na nguvu za Teotihuacan.

Aina nyingine ya jengo ambayo ni ya pekee katika eneo hili ni piramidi pacha. Piramidi mbili zenye vilele bapa na ngazi pande zote nne zilijengwa zikitazamana, moja mashariki na nyingine magharibi, kufuata njia ya jua. Upande wa kaskazini kulikuwa na ua wenye stela na madhabahu, na upande wa kusini jengo lenye milango tisa. Ziliwekwa kuadhimisha mwisho wa k'atun, kipindi cha siku 7,200 (karibu miaka 20) katika kalenda ya Wamaya.

Barabara

Sehemu za mji ziliunganishwa kwa barabara pana zilizoinuliwa juu ya matuta na kusakafiwa kwa chokaa. Leo zinaitwa kwa majina ya watu waliotembelea au kuchunguza magofu: Modesto Méndez, aliyefika mwaka 1848, pamoja na Alfred Maudslay, Teobert Maler na Alfred Tozzer. Barabara ya Tozzer inatoka katikati ya mji kwenda Hekalu IV. Barabara ya Méndez inaelekea kusini-mashariki hadi Hekalu VI, lenye maandishi marefu kwenye ukuta wa juu ya paa. Zile za Maler na Maudslay zinakutana katika kundi la majengo la kaskazini.

Malambo na maji

Viwanja na barabara za katikati ya mji vilisakafiwa kwa kuinama kidogo. Mvua iliponyesha, maji hayakuzama ardhini bali yalitiririka hadi kwenye malambo yaliyojengwa katika mabonde. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1991 ulikadiria kuwa eneo la katikati lenye hekta 62 liliweza kukusanya zaidi ya mita za ujazo 900,000 za maji katika mwaka wenye mvua ya milimita 1,500.

Kwa kuwa malambo makuu yalikuwa juu ya kilima, maji yaliweza kufunguliwa polepole wakati wa kiangazi kuelekea maeneo ya chini. Malambo ya pembezoni yalipokea maji yaliyokwisha kutumika, na inadhaniwa kuwa yalisaidia kumwagilia mashamba karibu na vinamasi.

Lambo la Jumba liko bondeni, chini kabisa ya Akropoli ya Kati. Lilizuiwa na bwawa la mawe na udongo lenye urefu wa mita 80 hivi na kimo cha zaidi ya mita 10. Kwa muda mrefu tuta hilo lilidhaniwa kuwa njia ya kupita tu, hadi uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulipoonyesha kuwa ni bwawa. Katika Lambo la Corriental, wanasayansi walikuta mabaki ya zeoliti na mchanga wa kwatsi ulioletwa kutoka mbali, vitu vilivyotumika kuchuja maji.

Nyumba za watu wa kawaida

Nje ya kiini cha mji, watu wa kawaida waliishi katika nyumba za miti na udongo zilizoezekwa kwa majani ya mitende. Nyumba zilijengwa juu ya majukwaa ya chini, zikizunguka ua wa familia. Hazikubanana; kati yake kulikuwa na bustani na mashamba. Katika kilomita za mraba 16 za katikati yameorodheshwa majengo yapatayo 3,000. Makadirio ya idadi ya wakazi yanatofautiana sana, kuanzia 10,000 hadi 90,000.

Kuhamwa kwa mji

Stela ya mwisho yenye tarehe mjini Tikal ni ya mwaka 869, na kufikia mwisho wa karne ya 10 mji ulikuwa umehamwa. Sababu zinazotajwa ni pamoja na vita, udhaifu wa utawala na ukame wa karne ya 9.

Mwaka 2020 ulichapishwa uchunguzi wa tope la malambo. Katika Lambo la Jumba na Lambo la Hekalu, yaliyo katikati ya mji, kulikutwa zebaki nyingi pamoja na dalili za sianobakteria zinazotoa sumu, ambazo haziondoki kwa kuchemsha maji. Zebaki hiyo hudhaniwa kutoka kwenye sinabari, rangi nyekundu iliyopakwa majengo na kutumika katika mazishi. Mvua iliiosha kutoka kwenye kuta na kuipeleka malamboni. Malambo ya Corriental na Perdido, yaliyo mbali na majumba, hayakuwa na uchafu kiasi hicho. Hivyo sakafu zilezile zilizoleta maji mjini zilileta pia sumu, na waliokuwa karibu nayo zaidi ni watu wa jumba la kifalme, wakati ukame ulipofanya kila lambo lihitajike.

Utafiti na hifadhi

Hifadhi ya Taifa ya Tikal ilianzishwa mwaka 1955. Kuanzia mwaka uliofuata hadi 1970, Chuo Kikuu cha Pennsylvania cha Marekani kiliendesha uchimbaji mkubwa na kuchora ramani ya mji, na baadaye kazi iliendelea chini ya serikali ya Guatemala. Tangu mwaka 1979 Tikal umo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia, kwa ajili ya majengo yake na msitu unaoyazunguka. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya upimaji wa Petén kwa mionzi ya leza kutoka kwenye ndege. Upimaji huo ulionyesha zaidi ya majengo 60,000 ambayo hayakuwa yamejulikana, katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,100.