Jack Trice

John G. Trice, maarufu kama Jack (Hiram, Ohio, 12 Mei 1902 – Ames, Iowa, 8 Oktoba 1923), alikuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani na mwanamichezo wa kwanza Mweusi katika chuo cha Iowa State. Alifariki akiwa na miaka 21, siku mbili baada ya kuumia mechini.

Baba yake alifariki Jack angali mtoto. Baadaye mama yake, Anna, alimpeleka kwa jamaa huko Cleveland, akasoma East Technical High School. Kocha wake Sam Willaman alipohamia Iowa State mwaka 1922, Trice alimfuata. Alisomea ufugaji, akinuia kwenda kuwasaidia wakulima Weusi wa majimbo ya kusini. Alimwoa Cora Mae Starland.

Usiku wa kuamkia mechi dhidi ya Minnesota mjini Minneapolis, aliketi hotelini akajiandikia barua. Ni waraka mfupi, na hakuna kinachomweleza vizuri zaidi. Alijiambia kwamba kesho yake heshima ya watu wa rangi yake, ya familia yake na yake mwenyewe ingekuwa kwenye mizani. Kisha papo hapo akageukia ufundi: ainame chini anapokabili, macho yawe wazi, asizubae hata dakika moja.

Tarehe 6 Oktoba mtulinga wake ulivunjika mapema, lakini hakutoka. Kipindi cha pili alijitupa mbele ya kundi la wapinzani ili kulizuia, akaangukia mgongo, wakamkanyaga. Iwapo ilikuwa makusudi, jambo hilo halijapata kuamuliwa. Minnesota ilishinda 20–17. Hospitali ilimruhusu kusafiri, naye akarudishwa Ames kwa treni, amelazwa juu ya godoro la majani makavu. Aliuawa na damu iliyovujia ndani ya mwili.

Watu wapatao 4,000 walihudhuria mazishi yake katika viwanja vya chuo. Barua ile ilikutwa mfukoni mwa koti lake, ikasomwa mbele ya waombolezaji.

Iowa State haikucheza tena na Minnesota hadi 1989. Jina la Trice nalo lilisahaulika kwa miongo kadhaa, mpaka wanafunzi wa miaka ya 1970 walipolifufua na kudai uwanja mpya uitwe kwa jina hilo. Mwaka 1984 walipewa nusu ya walichoomba: jina liliwekwa kwenye nyasi za kuchezea tu. Uwanja mzima uliitwa Jack Trice Stadium mwaka 1997.