Kapolowe-Gare: Alama za Njia ya Reli na Historia Iliyomo Katika Majina

Utangulizi

Msafiri atokaye Lubumbashi kwenda Likasi kwa treni hupita Kapolowe kabla ya kufikia mwisho wa safari yake. Kwa wapenzi wa reli, sehemu hii ya njia hukumbukwa kwa mambo matatu: kituo, daraja la mto Lufira, na nyaya za umeme zilizotandazwa juu ya reli. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba alama hizo si chuma na mawe matupu. Kila moja ni shahidi wa historia, na shahidi mkongwe kuliko wote ni jina lenyewe.

Njia na jina

Reli iliingia Katanga kutoka kusini kupitia Sakania. Ndiyo maana upana wake ni milimita 1,067, sawa na ule wa reli za Rodezia na Afrika Kusini. Treni ya kwanza ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka uliofuata tanuri za Lubumbashi zikaanza kutoa shaba. Kampuni ya Reli ya Katanga, iliyoundwa mwaka 1902, iliendeleza njia hadi migodi ya Kambove mwaka 1913, na hadi Bukama, kwenye mto Lualaba, mwaka 1918.

Wakoloni walipenda kuyaandika majina yao popote reli ilipofika. Likasi iliitwa Jadotville mwaka 1931, kwa heshima ya mhandisi Jean Jadot, hata jina la kale liliporudi mwaka 1966. Ilebo, mwisho wa reli ya Kasai, iliitwa Port-Francqui. Maporomoko ya Mwadingusha yalipewa jina la mwanajiolojia Jules Cornet. Kapolowe haikubatizwa upya. Ilipewa nyongeza tu: wakazi hutofautisha Kapolowe-Gare, penye reli, na Kapolowe-Mission, kando ya ziwa, penye misheni ya watawa Wabenedikto.

Nyongeza hizo zina maana kwa mwanaisimu. Mwenyeji wa Katanga husema gare pale ambapo mtu wa pwani husema stesheni. Neno la kwanza lilitoka katika Kifaransa, la pili katika Kiingereza, na yote mawili yalikuja na reli. Lakini katika tungo Kapolowe-Gare, jina la wenyeji ndilo kichwa, na neno la mgeni limebaki kuwa kifafanuzi chake.

Reli haikuleta maneno tu, ilileta watu pia. Wafanyakazi wa migodi na wa njia walitoka Rodezia, Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, ameeleza jinsi Kiswahili kilivyochukua nafasi ya lugha ya kazi iliyokuwa imetoka kusini mwa Afrika.

Daraja

Mto Lufira ulikuwa kizuizi cha kwanza kikubwa kati ya Lubumbashi na Likasi. Aliyeshika madaraja yake alishika njia yote. Jambo hilo lilidhihirika Katanga ilipojitenga. Mwezi wa Septemba 1961, kikosi cha Ayalandi cha Umoja wa Mataifa kilizingirwa Jadotville. Askari waliotumwa kukiokoa walizuiliwa kwenye daraja la barabara la Lufira, na kikosi kikalazimika kusalimu amri. Mwanzoni mwa Januari 1963 askari wa Kihindi wa Umoja wa Mataifa walikuta madaraja yameharibiwa. Wengine wao walivuka kwa miguu juu ya daraja la reli lililobomolewa nusu, na tarehe 3 Januari Jadotville ikaingiwa. Daraja lililojengwa kwa ajili ya shaba likawa njia ya kumalizia vita.

Ziwa na nyaya

Mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha lilikamilika, na maji ya Lufira yakatanda hadi yakawa ziwa Tshangalele. Mashamba na malisho yalifunikwa, na uvuvi ukashamiri. Samaki wa ziwa hilo huuzwa Likasi na Lubumbashi. Kusudi la bwawa, hata hivyo, lilikuwa umeme wa viwanda vya shaba. Mwaka 1952 reli ya Jadotville hadi Tenke ilianza kutumia umeme wa mkondo geu, ikawa miongoni mwa njia za mwanzo duniani za namna hiyo. Baadaye nyaya zilifika pia upande wa Lubumbashi, zikapita Kapolowe. Hivyo mito ya Katanga, Lufira ikiwa mmojawapo, ambayo zamani iliizuia treni, ikawa nguvu ya kuivuta.

Hitimisho

Kampuni zimebadilika majina mara nyingi: BCK, KDL, SNCZ tangu mwaka 1974, kisha SNCC. Leo shaba nyingi ya Katanga husafirishwa kwa malori, na vituo vidogo vimepungukiwa na shughuli. Kumbukumbu za kampuni hutaja wahandisi na tani za mzigo. Hazitaji mikono iliyotandika mataruma, wala akina mama waliouza samaki madirishani mwa mabehewa.

Mwaka 1965 André Yav, aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani, aliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha Katanga, akiitazama kutoka upande wa wafanyakazi. Mfano huo wafaa kufuatwa vituoni. Reli ikingʼolewa, mchoro wake utabaki katika hifadhi za kampuni. Lakini mzee wa Kapolowe-Gare akifariki bila kuulizwa, hakuna hifadhi itakayoeleza kwa nini watu walilishika jina lao hata wenye reli wakalikubali.