Mkono wa Mwanafunzi: Habari za Tom Seaver

Katika mchezo wa besiboli, upendwao mno Marekani, mtu mmoja husimama juu ya kichuguu kidogo katikati ya uwanja na kumtupia mpira mshika gongo wa upande wa pili, akikusudia asiupige. Huyo ndiye mtupaji. Mkono wake una thamani kubwa, na kwa ajili ya thamani hiyo wengi huudai kuwa ni wao. Nimeona habari za Tom Seaver zafaa kuelezwa hapa, kwa kuwa madai hayo yalimkuta angali mwanafunzi wa chuo kikuu.

Alizaliwa mjini Fresno, California, mwaka 1944. Shuleni hakuwa mtu wa ajabu. Alikuwa na umbo dogo, wala klabu hazikumtazama. Alipomaliza masomo mwaka 1962 alibeba masanduku ya zabibu kavu ghalani, kisha akaingia katika akiba ya jeshi la Marines. Aliporudi alikuwa amerefuka na kutanuka mabega. Akasoma katika chuo cha mji wake, na huko mwalimu Rod Dedeaux wa Chuo Kikuu cha Southern California akasikia habari zake. Dedeaux hakuwa mtu wa kutoa nafasi bure: alimpeleka kwanza Alaska, majira ya joto ya 1964, akachezee timu ya Goldpanners ili ajulikane kama afaa.

Zamani klabu za Ligi Kuu zilishindana kwa fedha kuwapata vijana. Mwaka 1965 ukaanzishwa utaratibu wa kuchagua kwa zamu: kijana akishachaguliwa na klabu moja, nyingine haina ruhusa kupatana naye. Yasemwa kuwa huo ni usawa, na kwa klabu ni usawa kweli. Kwa kijana ni mnada wenye mnunuzi mmoja. Mwaka huo Los Angeles Dodgers walimchagua Seaver, wasipatane kwa bei, naye akabaki chuoni. Januari 1966 akachaguliwa na Atlanta Braves, na Februari akatia sahihi.

Hapo ndipo mashaka yalipoanza. Kanuni ilikataza kumwandika mwanafunzi baada ya msimu wa chuo chake kuanza, na timu ya chuo ilikuwa imekwisha kucheza michezo miwili, ambayo Seaver mwenyewe hakuicheza. Kamishna William Eckert, jenerali mstaafu wa jeshi la anga aliyekuwa na miezi michache tu katika cheo hicho, akautangua mkataba. Seaver akataka kurudi kuchezea chuo. Walakini chama cha michezo ya vyuo kikasema kwamba aliyekwisha tia sahihi mkataba wa kulipwa hana ruhusa tena, ijapokuwa mkataba wenyewe umekufa. Tazama, msomaji: kwa wakubwa wa Ligi Kuu alikuwa bado wa chuo, na kwa wakubwa wa vyuo alikuwa si wa chuo tena. Kanuni zilizosemwa kuwa ni ngao yake zilimfungia milango yote miwili.

Baba yake alipotishia kwenda mahakamani, Eckert akaruhusu klabu yoyote nyingine iliyo tayari kulipa kama Braves ijitokeze. Zikaja tatu tu: Cleveland Indians, Philadelphia Phillies na New York Mets. Aprili 1966 majina yakatiwa katika kofia, likatoka la Mets, klabu iliyokuwa imeshindwa michezo 120 katika mwaka wake wa kwanza, 1962.

Wengi huisifu bahati ya kofia ile. Mimi sikubaliani nao sana. Kofia ilichagua klabu. Mkono ulikuwa umekwisha tengenezwa Fresno, Alaska na Los Angeles. Alikaa msimu mmoja Jacksonville, ngazi moja chini ya Ligi Kuu, akashinda michezo 12 na kushindwa 12. Mwaka 1967 akapanda, akashinda 16, akatajwa kuwa mchezaji mpya bora wa Ligi ya Taifa. Mwaka 1969 alishinda 25, na Mets wakawashinda Baltimore Orioles na kuutwaa ubingwa.

Kifungu kilichomfunga mchezaji kwa klabu yake mwaka baada ya mwaka hakikuvunjwa ila Desemba 1975, Seaver akiwa amekwisha kucheza misimu tisa katika Ligi Kuu. Ule utaratibu wa zamu ungalipo mpaka leo, na kila mwaka wanafunzi wa vyuo huchaguliwa kwa huo.