Ujifunzaji kwa Mradi

Ujifunzaji kwa mradi ni utaratibu wa taalimu ambao wanafunzi hukabidhiwa swali la kweli litokanalo na maisha ya watu wao, wakapewa majuma kadhaa ya kulitafutia jawabu, na katika kutafuta huko ndimo wanamopata hesabu, jiografia na lugha, hata mwisho wakatoa kazi inayoonekana, wakahojiwa juu yake mbele ya hadhara. Aliyeieneza njia hii ni Mmarekani William Heard Kilpatrick, kwa makala yake ya mwaka 1918, akifuata fikira za John Dewey. Kilpatrick alishikilia kwamba roho ya mradi ni kusudi la mwanafunzi mwenyewe.

Kwa sababu hiyo neno mradi lafaa sana, kwani asili yake ni murad ya Kiarabu, yaani kusudi, na maana hiyo ingali hai tusemapo ili mradi. Lakini mtu wa Garsen, katika bonde la Mto Tana nchini Kenya, asikiapo mradi leo, aghalabu fikira zake huenda kwenye kisima, fedha za wafadhili, au mifereji ya Hola na Bura. Na shuleni, kwenye kuku na bustani. Hayo ni mema, ila bustani ilimwayo jioni baada ya masomo kwisha ni kazi ya mikono tu, na kifaa kilichoundwa na mzazi usiku ili mtoto apate alama hakimfundishi mtoto lolote. Ndiyo maana napendelea ujifunzaji kwa mradi kuliko elimu ya miradi: jina la kwanza lamtaja anayejifunza na njia apitayo, hali la pili laufanya mradi kuwa somo jingine miongoni mwa masomo.

Tuchukue mfano wa malka, zile njia ambazo kwazo mifugo ya Waorma na Wawardei huteremka kunywa maji ya Mto Tana, zikipita baina ya mashamba ya Wapokomo, na ambazo kwa ajili yake ugomvi umezuka mara nyingi. Wanafunzi wakiulizwa malka ya kijiji chao ipite wapi pasidhurike shamba wala ng'ombe, watalazimika kupima ardhi kwa hatua, kuchora ramani kwa kipimo, kuwasaili wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadheda, baraza la Waorma, kuyaandika maneno yao kwa insafu, kisha kuitetea ramani yao mbele ya wazee wale wale. Hapo hesabu si zoezi la ubao, bali ni amana.

Shule mbadala, kama zile za kuhamahama, ambazo Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 iliziwekea Baraza la Kitaifa la Elimu ya Wahamaji, zina haja kubwa zaidi ya njia hii, maana mtoto aliyefuata mifugo wakati wa kiangazi hupitwa na vipindi, lakini katika mradi wa malka safari yake yenyewe huwa ni ushahidi ambao wenziwe waliobaki hawana.

Basi mwalimu atakaye kuitumia istilahi hii kwa haki na ajiulize hivi: lau mradi ungeondolewa, je, somo lingebaki kamili? Likibaki kamili, mradi ule ulikuwa pambo. Likianguka, hapo ndipo pana ujifunzaji kwa mradi.