Muhogo Mchungu Kati ya Maabara na Barabara

Mwaka 1981 wanawake na watoto wa Memba, mkoani Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, walianza kupatwa na ulemavu ambao madaktari waliokuwepo hawakuutambua. Mtu alilala mzima, akaamka miguu imekakamaa. Aliyebahatika alitembea kwa ncha za vidole huku magoti yakigongana, asiyebahatika alitambaa. Baada ya siku chache za mwanzo hali haikuzidi, wala haikupona. Mlipuko ulipotulia, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa wamepita elfu moja.

Nchi ilikuwa vitani, na dhana mbili zikatangulia nyingine zote: ama kirusi kinachofanana na cha polio, ama sumu ya kivita. Hans Rosling, daktari kutoka Uswidi aliyekuwa akifanya kazi Nacala, alikuja kusimulia mwenyewe kilichofuata. Kwa hofu ya maambukizi barabara ilifungwa, basi likazuiwa, na akina mama waliotaka kufika sokoni Nacala wakapanda chombo cha wavuvi. Chombo kilipinduka, wakafa maji pamoja na watoto wao. Ni rahisi leo kulaumu. Ninachokiona mimi katika kisa hicho ni swali lililokabidhiwa taaluma moja, ile ya magonjwa ya kuambukiza, kabla haijajulikana kama kweli ni swali lake.

Ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Daktari Trolli alikwisha kuuandika mwaka 1938 katika eneo la Kwango, Kongo, kwa jina walilolitumia wenyeji: konzo. Maandishi hayo yalikuwa yamesahauliwa. Ilibidi njia ianze upya, kwenye mkojo wa wagonjwa, ambamo vipimo vilionyesha wingi wa thayosianeti, mabaki ya sianidi iliyokwisha kushughulikiwa na mwili. Chanzo kikajulikana kuwa ni muhogo mchungu.

Kemia yake inastahili kuelezwa kwa utulivu, maana ndipo sayansi asilia ilipofanya kazi yake vizuri kabisa. Muhogo hutunza linamarini ndani ya chembe hai zake, na mbali kidogo nayo hutunza kimeng'enya kinachoweza kuivunja. Mzizi ukiwa mzima, viwili hivyo havikutani. Ukiukwangua, ukiutwanga au ukiuloweka mpaka ulainike, vinakutana, linamarini inavunjika, na mwisho wake ni gesi ya sianidi inayopotea hewani. Kuloweka na kutwanga ndiyo tiba yenyewe, na akina mama waliijua kabla ya maabara kuwepo. Kinachobaki kwenye unga hushughulikiwa na mwili, lakini kwa gharama: ini huigeuza sianidi kuwa thayosianeti kwa kutumia salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini, yaani samaki, nyama, maharage. Mwenye kitoweo anaweza kuhimili unga usioandaliwa vizuri. Anayekula ugali wa muhogo kwa majani ya muhogo, asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, hana akiba ya kujilinda.

Hapo mkemia anaweza kufunga daftari lake. Sumu amekwisha kuijua, na namna inavyoingia mwilini pia. Lakini Memba walikula muhogo vizazi na vizazi. Kwa nini wapooze mwaka 1981? Ukame ulikuwa umeua mazao mengine, muhogo mchungu ukastahimili, na watu wenye njaa hawasubiri unga ukauke siku zote zinazotakiwa. Maduka yalikuwa matupu. Tarime, mkoani Mara, ukame wa mwaka 1985 ulileta konzo kwa mtindo uleule, pasipo vita. Mzizi na kimeng'enya vilibaki vilevile. Kilichobadilika ni muda ambao kaya ilikuwa nao kati ya shamba na sufuria, na muda huo ni suala la uchumi wa kaya.

Bandundu, Kongo, ni mfano mgumu zaidi, na kwangu ndio unaoamua hoja hii. Huko konzo iliongezeka hata pale ambapo mvua hazikukosekana. Barabara ya lami ilikuwa imefungua njia ya kwenda Kinshasa, malori yakaanza kufika, na muhogo ukawa fedha. Mizizi iliyozoeleka kulowekwa mikesha mitatu ikaanza kutolewa majini baada ya mmoja au miwili ili iwahi soko. Banea, Tylleskär na wenzao walipopima, tofauti ilionekana wazi: mikesha mitatu huondoa karibu sumu yote, mmoja huacha ya kutosha kudhuru. Kipimo cha maabara kilikuwa kilekile cha Msumbiji; maana yake ndiyo iliyogeuka. Hakuna kemia inayoweza kukwambia kwamba barabara, kitu ambacho kila mpango wa maendeleo hukihesabu kuwa faida, inaweza kuwafikishia watoto wa kijijini ulemavu. Na hakuna mwanauchumi ambaye angeliona hilo bila kipimo cha thayosianeti mkononi.

Kwa hiyo ninadai kwamba upana wa utafiti haupimwi kwa idadi ya idara zilizotia sahihi kwenye andiko la mradi. Unapimwa kwa jambo moja: je, matokeo ya taaluma hii yamelazimisha taaluma ile ibadili swali lake? Maandiko mengi ninayoyasoma yanaitwa ya taaluma mtambuka kwa sababu mwanasosholojia ameitwa mwishoni, fedha zikiwa karibu kuisha, aandike sura kuhusu mwitikio wa jamii. Huyo hakushirikishwa, amepewa kazi ya kueleza kwa nini wanakijiji wamekataa kitu ambacho hawakuulizwa wakati kinabuniwa.

Wazalishaji wa mbegu wamelijua hilo kwa uchungu. Suluhisho la wazi, ukikaa upande wa kemia tu, ni kueneza muhogo mtamu wenye sianidi kidogo. Linley Chiwona-Karltun na wenzake walipowauliza wakulima wa Malawi, wanawake walieleza kwa nini wanautaka ule mchungu, wakijua fika kwamba una sumu: wezi hawauchimbi. Hauliwi mbichi shambani, na anayeiba atalazimika kuuloweka na kuutwanga kabla ya kuula. Nyani na nguruwe pori nao huusumbua kidogo kuliko mtamu. Kwa mwanamke anayelima peke yake mbali na nyumba, sumu ni mlinzi asiyedai mshahara. Ukimpa mbegu tamu, umemwondolea hatari moja na kumwachia nyingine, na hiyo ya pili ndiyo anayokutana nayo kila msimu.

Pingamizi la kawaida ni kwamba upana huu huzaa ujuzi wa juu juu. Kuna ukweli ndani yake. Nimeona mijadala ambamo kila mtu anajua kidogo kuhusu kila kitu, na hakuna awezaye kumsahihisha mwenzake. Ila konzo inaonyesha kinyume. Fasili iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1996 ni finyu makusudi: mkakamao wa pande zote mbili unaoonekana mtu anapotembea, ulioanza katika muda usiozidi wiki moja kwa mtu aliyekuwa mzima, usioendelea kuwa mbaya, na mwitikio wa goti au kifundo uliozidi kiasi, bila ugonjwa wa uti wa mgongo. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa neva peke yake, na asingeifanya kwa ukali huo, mtafiti wa kaya angehesabu polio pamoja na konzo, na takwimu zote za soko na mvua zingekuwa batili.

Hata njia ya kuzuia ilitoka kwenye mchanganyiko huo. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alitambua kwamba unga mkavu bado una kimeng'enya. Ukiuchanganya na maji na kuutandaza kwa tabaka jembamba, saa mbili juani au saa tano kivulini, sehemu kubwa ya sianidi iliyobaki hupotea. Ilipofundishwa katika vijiji vya Kwango, wanawake waliikubali kwa sababu zisizohusu kemia: haigharimu fedha, na haiwalazimishi kuacha muhogo wao.

Kazi haijaisha, na imehamia mahali ambapo wachache walitarajia. Mwaka 2013 Boivin, Tshala-Katumbay na wenzao walichapisha vipimo vya watoto wa Kahemba, Kongo. Wenye konzo walifanya vibaya katika majaribio ya utambuzi. Lakini hata watoto wasiolemaa, waliotoka katika kaya zenye konzo, walikuwa nyuma ya wenzao wa kijiji kisicho na ugonjwa. Mtoto huyo anatembea vizuri, na fasili ya mwaka 1996 haimwoni kabisa. Anayemwona ni mwalimu, ambaye naye hana sababu ya kuuliza muhogo wa nyumbani ulilowekwa mikesha mingapi. Utafiti wa kumpata utahitaji kupima mkojo wa mtoto, kusoma daftari la mahudhurio na kuuliza bei ya muhogo sokoni wiki hiyo hiyo, na sijui kitivo gani leo kingekubali kuuita wake.