Waya wa Buluu: Jinsi Pikapu za Marekani Zilivyojaribu Kuelewana na Matrela

Kaka yangu mkubwa, ambaye husafirisha magari huko Texas kwa pikapu na trela refu, alinipigia simu juzi saa saba usiku. Kwao jua lilikuwa bado linawaka. Alikuwa amenunua trela kuukuu lenye breki za diski, bei nzuri, na sasa hangeweza kuondoka nalo.

"Mdogo wangu, trela limefungwa nyuma, taa zake zinawaka, lakini dashibodi inasema hakuna trela. Wewe si ulisomea tarakilishi? Nieleze, hii yangu ni kipofu?"

Nilimwambia akague waya, kama vile sisi hukimbilia kumwambia mtu azime mashine aiwashe tena. Waya zilikuwa sawa. Kila kitu kilikuwa sawa, na bado breki za trela hazikufanya kazi. Hilo si jambo la kuchezea: pikapu ya tani 3 ikivuta mzigo wa tani 6 usio na breki, mzigo ndio unaoamua gari litasimama wapi. Ilinibidi nirudi nyuma karibu miaka mia moja ndipo nielewe kilichomkwamisha.

Kisa kinaanzia Beloit, Wisconsin, kwa bwana mmoja aliyeitwa Arthur Pratt Warner. Huyu alikuwa amekwisha kupata fedha zake kwa kutengeneza vipima mwendo vya magari. Mwaka 1927 ikaanza kampuni ya Warner Electric Brake, na breki zake za umeme zikaja kufungwa kwenye matrela ya kila aina, hasa yale ya watu waliosafiri na nyumba zao nyuma ya gari.

Ngoja nieleze breki hizo zinavyofanya kazi, kwa maana ujanja wake unanipendeza mno. Ndani ya dramu ya gurudumu kuna sumaku ya umeme iliyoshikizwa kwenye mkono mdogo wa chuma. Dereva akikanyaga breki, umeme unapita kwenye sumaku, sumaku inanata kwenye uso wa dramu inayozunguka, na dramu inaivuta iende nayo. Ule mkono unageuka na kusukuma viatu vya breki dhidi ya dramu. Yaani umeme hausimamishi trela. Unaita tu, na gurudumu lenyewe linatoa nguvu ya kujizuia. Ndiyo maana sumaku moja hutumia takribani ampea 3 pekee. Trela la ekseli 2 lina sumaku 4, hivyo ni ampea 12 hivi. Ekseli 3, ampea 18. Zikumbuke namba hizi, tutazirudia.

Umeme huo unatoka kwenye gari kupitia waya mmoja, ambao kwa desturi ya Marekani ni wa buluu. Kazi ya kuamua ni umeme kiasi gani upite ilihitaji kifaa ndani ya gari, na hapo ndipo watu walipohangaika kwa miongo kadhaa. Kwanza ilikuwa reostati ya kuendeshwa kwa mkono. Kisha vikaja vifaa vilivyounganishwa moja kwa moja na mfereji wa mafuta ya breki: ukikanyaga zaidi, shinikizo linasukuma pistoni ndogo, pistoni inaongeza umeme wa trela. Kwangu mimi huo ulikuwa mpango bora kuliko wote, kwa sababu trela lilipokea kile hasa ambacho mguu wa dereva ulitaka.

Mpango huo uliuawa na maendeleo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 pikapu zilianza kupata breki za ABS (Ford F-150 ilizipata kwenye magurudumu ya nyuma mwaka 1987), na kutoboa mfereji wa mafuta kukawa kosa kubwa, maana ABS inategemea mfumo wa mafuta usiochezewa. Watu wakarudi kwenye waya wa taa ya breki. Shida ni kwamba taa inajua mambo mawili tu, imewaka au imezima. Vifaa vya namna hiyo viliongeza umeme polepole kwa saa ya ndani, uwe umegusa breki kidogo au umeikanyaga kwa hofu ya kugonga ng'ombe. Vingine viliwekwa kijiuzani kinachoning'inia, kikiyumba mbele gari likipunguza mwendo. Hivyo vilikuwa na nafuu, ila ilibidi vifungwe vikiwa vimelala sawasawa, na barabara ya mteremko ilividanganya.

Basi mwaka 2005 Ford wakatoa Super Duty yenye kidhibiti cha breki za trela kilichojengwa ndani tangu kiwandani, wakakiita TowCommand. Kilisoma shinikizo kwenye silinda kuu ya breki bila kutoboa chochote, na kilijua pale ABS ilipoanza kufanya kazi. Ile hekima ya mfereji wa mafuta ilikuwa imerudi, safari hii kwa programu.

Na programu ikaleta dhana zake. Vidhibiti vya kisasa hutuma umeme kwa mapigo, vikiwasha na kuzima mamia ya mara kwa sekunde, na huku vinapima mkondo unaopita. Ampea zikionekana, kuna trela. Zisipoonekana, hakuna. Warner hakuwahi kusema kwamba mkondo wa sumaku ni kitambulisho cha trela. Ulikuwa chakula cha sumaku tu! Lakini kwa kuwa ulikuwapo kila mara, waandishi wa programu wakauegemea. Tuliowahi kuandika programu inayosoma faili ya mtu mwingine tunaijua tabia hii.

Sasa, kuna matrela yenye breki za diski zinazoendeshwa kwa mafuta, na pampu yake ya umeme imekaa kwenye trela lenyewe. Pampu hiyo hula umeme kutoka waya mwingine wa betri, na inaweza kusukuma mafuta hadi psi 1,600. Waya wa buluu inausikiliza tu, kama mtu anayesoma ujumbe. Haiuli. Tarakilishi ya pikapu inatafuta ampea 12, inapata karibu sifuri, na inaamua nyuma hakuna mtu. Ford wenyewe walieleza katika vitabu vya magari ya kwanza kwamba kidhibiti kile kilikuwa cha breki za dramu za umeme pekee. Ila anayenunua pikapu kuukuu mara nyingi hapewi kitabu.

Miaka iliyofuata watengenezaji waliongeza menyu. Kwenye Ram, kwa mfano, dereva huchagua kati ya aina nne: umeme mwepesi, umeme mzito, pampu nyepesi, pampu nzito. Ni nafuu kubwa, lakini tazama nani anajibu swali. Trela bado halina njia ya kujitambulisha, na dereva akichagua vibaya, breki za trela hukaza ghafla au huchelewa.

Malori makubwa tunayoyaona kwenye barabara ya Mombasa yalifuata njia nyingine. Yanatumia upepo: mpira mwekundu unaleta hewa, wa njano unaleta amri, na ule mwekundu ukikatika trela linajifunga breki lenyewe, wazo ambalo George Westinghouse alilitumia kwenye treni tangu 1872. Lori na trela vya kisasa hata huzungumza kwa data, kwa kiwango cha ISO 11992, na trela lisilojua lugha hiyo bado linautii mpira wa njano.

Pikapu ya kaka haina menyu. Alinunua kikasha kidogo cha kuunganisha kwenye plagi, kinachokula umeme wa waya wa buluu ili tarakilishi ione mkondo iliouzoea, huku pampu ikipata amri yake. Alikijaribu kwenye uwanja mtupu kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, mara sita, kabla ya kupakia gari lolote. Trela lilishika. Dashibodi sasa inaamini anavuta breki za sumaku ambazo hazipo.